Reli Gani?

Karatasi iliyofuatana na sanduku ilikuwa na mistari sita ya ada, na wa saba wa jumla. Shangazi yangu, hapa Nyacheki, aliisoma kwa miwani anayosomea Biblia, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Ushuru wa forodha: akaguna. VAT: hiyo anaijua, iko hadi kwenye sabuni. Ada ya tamko la uagizaji, ada ya ajenti, ada ya ghala. Kisha kidole kikasimama. "Mwanangu, hapa wameandika reli. Reli gani?"

Sanduku lilitoka kwa bintiye aliye Minneapolis. Lilivuka Atlantiki kwa ndege, likashuka Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, likapanda basi la usiku hadi Kisii mjini, na vilima vya Bobasi likavipanda juu ya bodaboda. Safari nzima halikukaribia hata taruma moja la reli.

Nilimjibu nilivyoweza. Tozo hiyo ilianzishwa mwaka 2013 ili kuchangia reli mpya kutoka Mombasa. Ilianza kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo, ikapanda, ikashuka, na tangu siku za mwisho za Desemba 2024 ni asilimia 2. Treni zilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na mwaka 2019 njia ikafika Suswa, upande wa Naivasha. Kwa hiyo reli ipo, nikamwambia, ila haijapanda huku kwetu. Na sheria haiulizi mzigo umesafiri kwa chombo gani, inauliza kama umeingia nchini. Akaikunja karatasi, akaitia ndani ya Biblia. "Basi nimeinunulia treni gurudumu," akasema, akaanza kukata gundi ya sanduku.

Nimelibeba swali lake muda mrefu, kwa sababu si la Nyacheki peke yake. Kila aliyewahi kupitisha mzigo mlangoni pa mwenziwe ameliuliza kwa lugha yake: hiki ninacholipa ni cha nini, ni kiasi gani, na anakila nani? Majibu ndiyo yanayotofautiana, na yanatofautiana kwa namna ambazo kiwango cha asilimia peke yake hakiwezi kuzionyesha.

Tuanze na jibu letu, maana lina uungwana mmoja ambao wengi hawaujui. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 huanzia kwenye bei iliyolipwa kwa bidhaa, kisha huongeza bima na gharama ya kuisafirisha hadi mahali inapoingilia. Ushuru hutozwa juu ya jumla hiyo. Lakini Jedwali la Nne la sheria hiyo lina kishazi kifupi kinachosema kwamba kwa bidhaa zinazoagizwa kwa ndege, nauli haiongezwi. Mtu akileta viatu kwa meli hadi Mombasa, nauli ya meli huingia kwenye thamani inayotozwa ushuru. Akivileta viatu hivyo hivyo kwa ndege, nauli, ambayo kwa kilo ni kubwa mara nyingi zaidi, hubaki nje.

Wenzetu hawafanyi hivyo. Marekani huiacha nje nauli ya kimataifa yote, ya baharini na ya angani. Kwao kinachopimwa ni thamani ya kitu kabla hakijaanza safari. Umoja wa Ulaya nao umeugawa ulimwengu katika makundi ya nchi, na kila kundi limewekewa asilimia ya nauli ya ndege itakayohesabiwa, kwa kuwa sehemu ya safari iko nje ya mpaka wao na sehemu iko ndani. Mmarekani huuliza kitu kilikuwa na thamani gani kwao kilikotoka. Mzungu wa Brussels huikata anga vipande: hiki changu, hiki si changu. Mwafrika Mashariki humtazama aliyeleta mzigo kwa ndege kama mtu ambaye nauli imekwisha kumchapa, na kwa hilo anamwachia. Sijui kama waliotunga kishazi kile walikuwa na huruma au walikuwa na hesabu tu. Mimi nakisoma kama huruma.

Baada ya huruma hiyo huja ngazi. Chukua bidhaa ya shilingi 300,000 iliyo katika kundi la juu la ushuru wa pamoja wa Jumuiya, lile la asilimia 35 lililoongezwa Julai 2022 juu ya makundi ya zamani ya 0, 10 na 25. Kwa hesabu ya kalamu na karatasi, tukiacha bima na nauli kando, ushuru ni 105,000. VAT ya asilimia 16 haitozwi juu ya 300,000 bali juu ya 405,000, yaani kodi inalipiwa kodi: 64,800. Ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5 tangu Sheria ya Fedha ya 2023, ni 7,500. Reli ya shangazi ni 6,000. Jumla 183,300, na hapo ajenti wa forodha hajalipwa, ghala la uwanja wa ndege halijadai siku zake, na shirika la ndege halijatoza karatasi ya kuuachilia mzigo. Mwenye mzigo huziita zote "pesa za forodha", ingawa nyingine serikali haizioni hata kwa mbali. Watanzania hawako mbali na ngazi hii: wao pia wana tozo ya reli, na juu yake ada ya uchakataji wa forodha ya asilimia 0.6. Waganda wana tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5. Majirani tumejenga nyumba za mtindo mmoja, madirisha ndiyo yanayotofautiana.

Maneno nayo yana historia yao. Mkenya wa mtaani huklia mzigo, au huutoa tu. Mtanzania huugomboa, na neno hilo ni ndugu wa kukomboa, kitendo anachofanyiwa mateka, au shamba lililowekwa rehani. Katika usemi huo mzigo si kitu kinachongojea karatasi. Ni mtu wa nyumbani aliyeshikwa, na aliye wake lazima aende na fidia. Mfaransa, na Mkongomani wa Goma anayefanya biashara kwa Kifaransa, huitoa bidhaa kwenye *douane*, neno lililotokana na diwani ya Waarabu na Waajemi, daftari na ofisi ya hesabu. Sisi diwani hiyo hiyo tukaipa kazi ya kata na ya kukusanya mashairi. Forodha ni jina la pwani, mahali chombo kinapotia nanga. Na ushuru, kwa asili yake ya Kiarabu, ni sehemu moja ya kumi.

Shangazi ni Msabato. Nilipomweleza hilo la mwisho alicheka hadi akavua miwani. Fungu la kumi yeye hulitoa kila mwezi kwa bahasha, anajua ni kumi, wala hakuna mstari wa pili. "Sasa hii ya kwao wameiita kumi, mbona imezaa?"

Kabla ya ndege na kabla ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya iliyoanza kazi Julai 1995, kulikuwa na watu ambao walitoza mzigo unaopita bila daftari lolote. Karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, nchi kame ya katikati ya Tanzania ya leo, na kila mtemi aliyemiliki eneo na visima alidai hongo. Ililipwa kwa nguo, shanga na waya. Hakukuwa na kiwango: mjumbe alikuja kambini, akataja idadi ya doti za nguo, kiongozi wa msafara akalalamika, mjumbe akarudi kwa bwana wake, na hivyo hivyo siku moja, mbili, wakati mwingine zaidi, huku wapagazi wakila akiba. Wasafiri wa Kizungu waliopita huko, Burton na baadaye Stanley, walijaza kurasa wakilaani jambo hili. Waliliona kama unyang'anyi wa njiani.

Lakini litazame ukiwa umesimama upande wa kisima. Katika nchi ile maji yalichimbwa na kulindwa. Msafara wa watu mia kadhaa ulikunywa katika siku tatu maji ambayo kijiji kilitarajia yafike mwisho wa kiangazi, na mifugo ya wenyeji ikabaki na tope. Mtemi aliyetoza hongo alikuwa na jibu fupi kwa swali la shangazi: ni ya maji haya unayokunywa. Mlipaji alimwona mpokeaji kwa macho yake, na aliona ananunua nini. Alichokosa ni kujua bei kabla ya kufika. Forodha ya leo imebadilisha nafasi hizo mbili: asilimia zote zimechapishwa na mtu anaweza kuzisoma akiwa kitandani Guangzhou, ila mpokeaji hana uso, na kilichonunuliwa kiko Suswa.

Kuna ukatili mdogo wa lugha hapa. Hongo, ambayo Wagogo waliitoza mchana kweupe kama haki ya nchi yao, leo katika Kiswahili ni jina la pesa inayopita chini ya meza. Neno lilipokonywa heshima na watu walioona haki ya kutoza ni ya serikali yenye bendera tu. Nikisikia afisa amekamatwa kwa hongo huwaza kwamba watemi wa Ugogo wangeshangaa: hongo gani hiyo ya kujificha?

Pwani mambo yalikwenda kwa kalamu. Tarehe 21 Septemba 1833, huko Maskati, Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts. Kwa mkataba huo jahazi la Kimarekani lililoingia bandari yoyote ya Sultani lingelipa asilimia tano ya shehena itakayoshushwa, na malipo hayo yangesimama badala ya kila kitu kingine: ushuru wa kuingiza na kutoa, tozo ya tani, leseni ya biashara, kuongozwa bandarini, kutia nanga, na ada nyingine ya aina yoyote. Waingereza walipata mkataba wa asilimia tano mwaka 1839, Wafaransa mwaka 1844. Isome tena orodha ile ya vilivyofutwa. Aliyeiandika aliwahi kuguswa na karatasi yenye mistari saba.

Nguo nyeupe nzito ya pamba iliyotoka viwanda vya Massachusetts, ile iliyoitwa amerikani kutoka Pangani hadi Kongo, ilipitia mlango huo. Ikishushwa Unguja ililipa tano katika mia, basi. Ikifungwa mitumba na kubebwa bara, ilikuwa yenyewe ndiyo sarafu ya hongo Ugogo. Nguo moja, mifumo miwili: ufukweni ilitozwa kwa sehemu ya thamani yake, bara ikawa ndiyo tozo.

Wala Sultani hakukusanya mwenyewe. Aliikodisha forodha. Mfanyabiashara, au nyumba ya biashara, alimlipa kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, kisha akakusanya ushuru kwa faida au hasara yake. Kwa miongo mingi tangu miaka ya 1830 kazi hiyo ilishikwa na nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia wa asili ya Kutch, na mwaka 1876 ikapita kwa Tharia Topan, Khoja Mwismaili. Aliyeikodi forodha alikuwa pia mkopeshaji, mwenye maghala na mwenye vyombo. Mwangalizi wa leo atasema hapo kuna mgongano wa maslahi, na atakuwa amesema kweli. Sultani alichokipata ni uhakika: mvua inyeshe, tembo wapungue, kiasi chake cha mwaka anakijua.

Na tusiipambe Unguja kupita kiasi. Bei moja ilikuwa ya mgeni mwenye mkataba. Pembe za ndovu kutoka bara zilitozwa kulingana na zilikotoka, na za Unyamwezi zilibeba mzigo mzito. Mmarekani alijua atalipa tano. Mnyamwezi aliyezileta pembe begani hakuwa na Edmund Roberts wake.

Nilipokuwa nikisoma habari za Jairam Shivji nilikumbuka duka moja la Kisii mjini linalouza nguo za kike na viatu vya watoto. Mwenye duka huagiza kutoka Guangzhou. Niliwahi kumwuliza hulipa ushuru asilimia ngapi, akanitazama kama niliyemwuliza umri wa mamake. "Mimi nalipa kwa kilo," akasema.

Hiyo ndiyo njia ya wengi. Wakusanyaji wa mizigo, wenye ofisi Eastleigh na katikati ya Nairobi na maghala Guangzhou na Dubai, hupokea furushi la mtu huyu na la yule, huyaunganisha yakawa shehena moja, huyapandisha ndege na kuyatoa forodhani, na kwa kazi yote hiyo humtajia mteja bei ya kilo, nauli na ushuru humo humo. Eldoret, uwanja uliofunguliwa mwaka 1997, ulijulikana mapema kwa ndege za mizigo kutoka Dubai zilizobeba biashara za namna hii. Mwenye duka hajui kundi la 25 wala la 35. Anajua kilo. Anajumlisha bei ya gauni na kilo yake, anaongeza faida, anabandika bei, analala.

Kwangu mimi huyu mkusanyaji ni mjukuu wa Jairam Shivji, hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Wote wawili huuza kitu kimoja: uhakika. Shivji aliuza uhakika kwa mtawala, akabeba hatari ya mapato. Mkusanyaji huuza uhakika kwa mwenye duka, akabeba hatari ya forodha. Wote husimama kati ya daftari la dola na mtu asiyetaka kulisoma.

Tofauti zao nazo si ndogo. Shivji aliteuliwa hadharani na forodha ilikuwa yake kwa mkataba. Mkusanyaji mbele ya sheria ni mwagizaji kama wengine, na mamlaka ina haki ya kudai kila gauni litajwe peke yake kwa aina na bei. Kisha kuna ubishi wa mizani na thamani. Ushuru wetu, kama ule wa Maskati, hutozwa kwa thamani. Mizani haiijui thamani. Kilo ya simu na kilo ya sufuria kwake ni kilo. Anayeagiza vyepesi vya bei kubwa hufurahi, anayeagiza vizito vya bei ndogo humlipia mwenzake bila kujua. Na katika shehena ya pamoja, mmoja akificha kitu, sanduku la kila mtu hulala ghalani. Ndiyo maana nasita kumsifu mkusanyaji, na pia nasita kumlaani. Dola ilichapisha viwango vyote, yeye akatoa bei. Mwenye duka aliona kwamba hivyo si kitu kimoja.

Vijana wengi wa Gusii, huku kwetu, siku hizi hawaendi Minneapolis bali Doha, Riyadh na Dubai, na huko wanakutana na namba ambayo Sayyid Said angeitambua. Tangu tarehe 1 Januari 2003 nchi sita za Ghuba zina umoja wa forodha, na ushuru wao wa kawaida kwa bidhaa za nje ni asilimia tano. Sidai kwamba walifungua mkataba wa 1833 wakanakili. Ni sadfa, nami napenda sadfa. Maskati inatoza leo kwa bidhaa nyingi kiwango ambacho ilimkubalia Roberts, kwa sababu zisizofanana hata kidogo. Said alikuwa na bandari, hakuwa na mafuta. Forodha ilikuwa nguzo ya hazina yake, na tano ilikuwa chambo cha kuwavuta wageni. Wajukuu zake wana mafuta, forodha kwao si uti wa mgongo, na tano ni adabu ya mlangoni. Hata hivyo mistari imeanza kuzaa huko pia: Oman ilianzisha VAT Aprili 2021, nayo, kwa mapenzi ya namba, ni asilimia tano.

Marekani, taifa lililomwomba Sultani bei moja isiyo na nyongeza, kwa muda mrefu liliwapa wenye vifurushi vidogo kitu bora kuliko bei moja: kutolipa kabisa. Tangu mwaka 1938 sheria yao iliruhusu vitu vya thamani ndogo kuingia bila ushuru, kwa hoja ya kinyumba kwamba gharama ya kukusanya isizidi kinachokusanywa. Mwanzoni kikomo kilikuwa dola moja. Mwaka 1978 kikawa dola 5, mwaka 1993 dola 200, mwaka 2016 dola 800. Kisha tarehe 29 Agosti 2025 msamaha huo ukasimamishwa kwa nchi zote, na mashirika ya posta 88, kwa hesabu ya Umoja wa Posta Duniani, yakaacha kwa muda kupeleka huko baadhi ya vifurushi au vyote, kwa kuwa hakuna aliyejua hasa nani atatoza, wapi na vipi.

Afrika Mashariki haijawahi kuwa na kizingiti cha ukarimu ule. Abiria aliyerudi nyumbani alikuwa na msamaha wa dola 500, na Novemba 2023 KRA ilipowakumbusha Wakenya jambo hilo kelele zilikuwa kubwa, kana kwamba sheria ilizaliwa juzi. Unaweza kusema Mmarekani alikuwa mkarimu na sisi wakali. Unaweza pia kusema kwamba ukarimu ule uliwezekana kwa serikali inayojazwa na kodi ya mapato, na kwamba serikali inayotegemea mlango haiwezi kuuacha wazi hata kwa kifurushi. Mwaka 2025 Marekani ilipoufunga wake, ilitukaribia sisi zaidi kuliko ilivyopenda kukiri.

Jumanne moja nilikwenda na shangazi sokoni. Mchuuzi kutoka upande wa Transmara alikuwa ameshusha mbuzi wawili, na mkusanya ushuru wa kaunti alikuwa amesimama mbele yake na mashine ya risiti. Huu nao, kwa Kiswahili cha Kenya, ni ushuru. Sisi jina moja tumelipa kazi ya forodha ya kimataifa na ya mafungu ya ndizi. Walibishana kidogo kama mbuzi mmoja ni mbuzi au bado ni mwanambuzi. Hongo ya Ugogo haikuwa mbali na hapo: mpokeaji ana uso, mlipaji ana sauti, na kinachonunuliwa, kipande cha ardhi chini ya kwato za mbuzi, kiko pale pale. Mchuuzi alilipa, akaitia risiti kofiani.

Shangazi alikuwa amekuja kutafuta chinsaga za kuongeza kwenye zake. Alikuwa akitayarisha sanduku la kurudisha Minneapolis: chinsaga zilizokaushwa, zile ambazo Nairobi huziita saga. Nilimjazia fomu ya forodha. Yaliyomo: mboga kavu. Uzito: kilo mbili na nusu. Thamani: hapo nikasimama.

"Thamani ni ngapi, shangazi?"

"Andika bure. Nimechuma kwangu."

Nikamweleza kwamba bure haikubaliki. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani, ambao sisi na Wamarekani tunaufuata sote, una njia sita za kutafuta thamani. Ya kwanza ni bei iliyolipwa, na hapa hakuna aliyelipa. Ya pili ni bei ya kitu kama hicho hicho kilichouzwa. Tukashuka ngazi pamoja, mimi nikitafsiri, yeye akikataa. Mwisho akaniuliza fungu moja la chinsaga leo sokoni lilikuwa shilingi ngapi, ingawa alikuwa amelinunua yeye.

"Ishirini."

Akahesabu mafungu kwa vidole, mara mbili, kama anayemhesabia mtu mwingine pesa zake. Akanitajia jumla. Nikaandika.

"Na chini yake," akasema, "andika hazikupanda treni."

Nilimwambia fomu haina nafasi hiyo. Akachukua kalamu, akaandika mwenyewe ubavuni mwa sanduku, kwa Ekegusii.